Mtoto kavuliwa ushungi, kanisa limepigwa kufuli: ubishe hodi wapi kwanza?

Jumatatu ya pili ya mwaka wa masomo, hata kufuli la ofisi sijalifungua vizuri, mama mmoja wa Makorora keshakaa barazani ananingoja. Pembeni yake binti wa kidato cha pili, sketi mpya bado ina mkunjo wa pasi ya fundi, kichwani kajitanda kanga ya mama yake. Ushungi wake mweupe wa shule umo ndani ya bahasha ya kaki, umekunjwa pamoja na risiti za ada.

"Mwanangu, nimeambiwa wewe ndiye mtu wa sheria. Nataka kwenda mahakamani."

Nikawakaribisha ndani, nikauliza nani kamkataza mtoto. Mlinzi wa getini. Mlinzi kaagizwa na nani? Hajui. Ipo karatasi yoyote? Hakuna. Shule ya serikali au ya binafsi? Ya binafsi. Fomu ya kujiunga aliyosaini inasemaje kuhusu mavazi? Akafungua bahasha, akatoa risiti, akatoa ushungi, akatoa hata kadi ya kliniki ya binti huyo alipokuwa mchanga. Fomu haikuwemo.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo akaja baba mmoja Msabato kutoka Pongwe, kaegesha baiskeli mlangoni ili aione. Huyu hakutaka kesi. Alikaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuomba radhi. Kijana wake alifukuzwa sekondari ya serikali tangu Septemba kwa kukataa kufanya majaribio ya Jumamosi. Barua anayo, ina muhuri na sahihi, inasema "utovu wa nidhamu".

"Tumemwachia Mungu," akasema. "Nimekuja kuuliza tu kama anaweza kupata uhamisho."

Yule aliyetaka mahakama hakuwa na kitu cha kupeleka mahakamani. Yule asiyeitaka alikuwa nacho, na siku zake zilikuwa zinayoyoma bila yeye kujua. Mimi ni msaidizi wa kisheria hapa Ngamiani, Tanga, na watu wengi wanaonijia na mambo ya dini huwa wameshachagua mlango kwa ukubwa wa hasira au kwa ukubwa wa woga. Kila mlango una swali lake. Shuleni swali ni: tutaelewanaje? Kwenye Tume ya Haki za Binadamu: je, umetendewa haki? Mahakama Kuu ina maswali mawili tofauti, na wengi huyachanganya. Ukienda na jibu la swali ambalo hukuulizwa, utarudi mikono mitupu hata kama dini yako na Katiba yako vyote viko upande wako.

Na Katiba, kwa kweli, iko upande wako. Ibara ya 19 inampa kila mtu uhuru wa mawazo na imani, pamoja na uhuru wa kubadilisha dini, na inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Haki hizi ziliingizwa kwenye Katiba ya 1977 kwa marekebisho ya 1984, na mahakama zikaanza kuzisimamia 1988. Sheria ya Elimu ya 1978 nayo inakataza mtu kunyimwa elimu kwa sababu ya dini yake. Ipo pia Ibara ya 30, inayosema haki ya mmoja isitumike kuvuruga haki za wengine au masilahi ya umma. Wakili wa upande wa pili ataanzia hapo, kwa hiyo uisome kabla yake.

Meza ya mkuu wa shule

Huu ndio mlango unaodharauliwa kuliko yote, na ndio unaomaliza mambo mengi. Hauna ada. Mtoto anaweza kurudi darasani kesho yake. Ubaya wake ni kwamba hauachi alama: mkuu wa shule akihamishwa, makubaliano yanahama naye.

Dawa ni barua. Usiende kwa mdomo. Andika ukurasa mmoja: mtoto ni nani, tarehe gani kilitokea nini, nani alisema, imani yenu inataka nini, na nyinyi mnaomba nini. Hilo la mwisho ndilo watu wanalosahau. Nimesoma barua za kurasa nne zenye aya za Kurani na za Biblia, na hakuna mahali mzazi anasema anaomba mtoto aruhusiwe kuvaa ushungi mweupe unaoishia mabegani, au afanye jaribio Jumapili au Ijumaa mchana badala ya Jumamosi. Mkuu wa shule anayeombwa kitu mahususi anaweza kusema ndiyo. Anayehubiriwa huwa hana la kusema.

Toa nakala mbili. Moja wanabaki nayo, nyingine wanaigonga muhuri wa "imepokelewa" na tarehe. Mpokeaji akikataa kugonga, mpe mtu mzima mwingine aipeleke na daftari la dispachi, asainiwe humo. Muhuri huo ndio utakaoulizwa kwenye milango yote inayofuata.

Kwa shule ya serikali, ngazi ya juu yake ni bodi ya shule na ofisa elimu. Kwa shule ya binafsi, ni mwenye shule na bodi yake, na nakala ya barua impelekee mthibiti ubora wa shule. Tofauti nyingine ni ile fomu ya kujiunga. Shule ya serikali haiwezi kujificha nyuma yake sana, kwa kuwa ni mkono wa Serikali na Katiba inaifunga moja kwa moja. Shule ya binafsi, hasa ya taasisi ya dini nyingine, itaitoa fomu hiyo mezani kabla hujakaa: ulisaini kwamba mtoto atafuata taratibu za shule. Haimaanishi umeshindwa. Inamaanisha mazungumzo yanaanza na mkataba, halafu imani.

Mlango wa mezani si wa vijijini tu. Mwaka 2012 matokeo ya kidato cha sita ya somo la Elimu ya Dini ya Kiislamu yalilalamikiwa nchi nzima, na Baraza la Mitihani likakiri kulikuwa na dosari, likayarekebisha. Hakukuhitajika hukumu ya jaji.

Hapa pia ndipo ofisi ya wilaya ya Bakwata (Baraza Kuu la Waislamu), ofisi ya dayosisi au kamati ya amani ya viongozi wa dini inapofaa. Shehe na mchungaji wakiingia pamoja kwa mkuu wa shule, mambo hulainika haraka. Nina angalizo moja tu. Kiongozi wa dini akichukua jambo la mtoto wako, mara nyingine linageuka kuwa jambo la taasisi, na taasisi ina sababu zake za kunyamaza au za kupiga kelele. Mwambie mapema unachotaka, na barua ibaki kwa jina lako.

Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora

Tume iko kwenye Katiba, Ibara ya 129, na sheria yake ni ya 2001. Makao makuu yako Dodoma. Kwa mtu wa Tanga huo ni mwendo, lakini lalamiko linaweza kwenda kwa barua. Hulipi kitu. Huhitaji wakili, wala Kiswahili cha kisheria.

Uzuri wa Tume ni kwamba inachunguza yenyewe. Mahakamani ushahidi unaleta wewe, Tume inaweza kumwita mkuu wa shule na kudai majalada. Kwa mzazi ambaye hana karatasi, au ambaye watoto wengi wametendewa vilevile na kila mmoja anaogopa kusema, sioni mlango bora zaidi. Haigusi jambo ambalo tayari liko mahakamani, kwa hiyo huwezi kubisha kote kwa wakati mmoja.

Ubaya: inatoa mapendekezo. Haitoi amri. Watu wakisikia hivyo hukunja uso, lakini wasikimbie mapema. Wanakijiji wa Nyamuma, Serengeti, walioondolewa kwenye ardhi yao 2001, walikwenda Tume, Tume ikapendekeza walipwe, Serikali haikulipa. Jambo likapelekwa mahakamani na kufika hadi Mahakama ya Rufani, ambayo ilikubali kwamba mapendekezo ya Tume yanaweza kudaiwa utekelezaji kortini. Njia hiyo ipo, ila ilichukua miaka, na nyuma ya wanakijiji walikuwepo mawakili wa Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Mtoto wa kidato cha pili angekuwa amemaliza shule.

Mahakama Kuu ina milango miwili

Tuna bahati Tanga. Masjala ya Mahakama Kuu iko hapahapa, na tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya mahakama kwa sheria, jambo ambalo limewapunguzia wazazi wengi woga wa kukaa kizimbani bila kuelewa wanasemwa nini.

Mlango wa kwanza ni mapitio ya kimahakama. Hapa jaji haulizi kama dini yako inataka Jumamosi au Ijumaa. Anauliza: aliyeamua alikuwa na mamlaka hayo? Alimsikiliza mtoto kabla ya kumfukuza? Alifuata kanuni? Kufukuza mwanafunzi kuna kanuni zake, za 2002. Jaji akiridhika kwamba taratibu zilivunjwa, anaufuta uamuzi au anaiamuru mamlaka itimize wajibu wake. Unaanza kwa kuomba kibali, na maombi hayo yaingie ndani ya miezi sita tangu uamuzi. Kibali kikitoka, unazo siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Mlango huu ni wa maamuzi ya mamlaka za umma.

Mlango wa pili ni shauri la kikatiba, chini ya Sheria ya Utekelezaji wa Haki na Wajibu wa Msingi ya 1994. Hapa ndipo unapomwambia jaji kwamba haki yako ya Ibara ya 19 yenyewe imevunjwa, au kwamba sheria au kanuni inagongana na Katiba. Shauri husikilizwa na majaji watatu. Marekebisho ya 2020 yaliweka sharti la kuapa kwenye hati ya kiapo kueleza jinsi wewe mwenyewe ulivyoguswa; sharti hilo limepingwa mahakamani, kwa hiyo mwulize wakili kama bado lipo. Zamani mtu mwenye uchungu na Katiba aliweza kusimama kwa niaba ya wote kirahisi zaidi. Pia lazima uoneshe kwamba umemaliza njia nyingine zote za kisheria zilizokuwepo. Na hapo ile nakala ya barua yenye muhuri, ambayo mama wa Makorora aliiona kama upuuzi, inakuwa ushahidi.

Hata ukishinda, Katiba inairuhusu Mahakama, badala ya kuifuta sheria mbovu papo hapo, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Unaweza kutoka na ushindi mkononi na mtoto bado nyumbani.

Ndiyo maana huwa nauliza kabla ya yote: unataka mtoto arudi darasani, au unataka kanuni ibadilike kwa watoto wote? Vyote viwili ni halali. Lakini wanaotaka la kwanza na kuingia mlango wa la pili huchoka njiani, na wakichoka kesi inabaki mikononi mwa wakili ambaye hana mtoto pale.

Kuna wanaoniuliza habari za Arusha. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iko Arusha kweli, ila Tanzania iliondoa 2019 tamko lililowaruhusu watu binafsi kuishtaki huko moja kwa moja, na uondoaji ukaanza kufanya kazi mwaka uliofuata. Mahakama ya Afrika Mashariki ipo, lakini ina miezi miwili tu ya kufungua shauri. Kwa jambo la getini, yasahau yote mawili.

Shikula na Isiolo

Kesi mbili nawasimulia karibu kila anayekuja na jambo la shule, kwa sababu zinafanana sura na zimeishia tofauti.

Ya kwanza ni ya kwetu. Wanafunzi Mashahidi wa Yehova wa sekondari ya Shikula, Nyanda za Juu Kusini, walikataa kuimba wimbo wa taifa. Hawakufanya fujo, walisema tu imani yao haiwaruhusu kuimba. Wengine wakafukuzwa, wengine wakaadhibiwa. Walikuwa 127 kwenye shauri. Mahakama Kuu iliwakatalia. Wakakata rufaa, na tarehe 12 Julai 2013 Mahakama ya Rufani, ikiketi Mbeya, ikawapa haki.

Mtu akisikia "wimbo wa taifa" hudhani Serikali haiwezi kushindwa kwenye kesi kama hiyo. Ningekuwa mimi ndiye mzazi, pengine ningeshauriwa nisithubutu. Kilichowasaidia ni kwamba jambo lao lilikuwa safi: kundi moja, kitendo kimoja, adhabu zinazojulikana, walalamikaji wakiwa ni wanafunzi wenyewe. Tena waliingia kwa jina lao, wakakaa kwenye foleni yao mpaka mwisho.

Ya pili ni ya Kenya. Shule ya St. Paul's Kiwanjani, Isiolo, yenye ufadhili wa Kanisa la Methodisti. Wasichana Waislamu walitaka kuvaa hijabu na suruali nyeupe. Kanisa likaenda mahakamani kupinga ruhusa waliyopewa, likashinda Mahakama Kuu. Mzazi mmoja, aliyekuwa kwenye kesi kama mtu mwenye masilahi tu, si mlalamikaji wala mlalamikiwa, alikuwa ameingiza humohumo maombi yake mwenyewe kudai haki ya mabinti. Mahakama ya Rufani ya Kenya mwaka 2016 ikampa ushindi mkubwa, hukumu nzuri ya kusomwa kwa sauti. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaifuta. Majaji wengi hawakusema hijabu imekatazwa. Walisema maombi ya mzazi yaliingia kwa mlango usio wake: mtu mwenye masilahi hawezi kupandikiza kesi yake ndani ya kesi ya wengine. Wakaacha nafasi ya yeyote kurudi kuanza upya, vizuri.

Miaka ikapotea. Wale mabinti walikuwa wamekua. Jirani zetu hao hao Kenya, mwaka 2017, Mahakama yao ya Rufani iliwapa Wasabato haki juu ya Jumamosi shuleni. Kesi hiyo ililetwa na kanisa lenyewe kama mlalamikaji. Hukumu za Kenya hazimfungi jaji wa Tanga, ila wakili mzuri atazitumia kumshawishi.

Msikiti na kanisa ni habari nyingine

Kwa nyumba za ibada, milango inabadilika, kwa sababu mara nyingi anayeshtaki si mtu bali ni jumuiya, na swali la kwanza ni: jumuiya hiyo ni nani mbele ya sheria?

Kuna vitabu viwili vya kuandikishwa na watu huvichanganya. Msajili wa Jumuiya, chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani, anaiandikisha jumuiya yenyewe. RITA, wakala wa Serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, inaisajili bodi ya wadhamini, na bodi hiyo ndiyo inayoweza kumiliki kiwanja na kushtaki au kushtakiwa kwa jina lake. Ukiwa na cheti cha kwanza bila cha pili, unaweza kusali miaka 20 bila tatizo na siku ya kesi ukaambiwa aliyefungua shauri hana miguu ya kusimamia mahakamani. Pingamizi la awali, dakika kumi, kesi imetupwa.

Nimeona msikiti mmoja mdogo ambao kiwanja chake kilinunuliwa kwa michango ya waumini na kuandikwa jina la mzee mmoja mwaminifu. Mzee alipofariki, watoto wake wa mbali walikuja na cheti cha mirathi. Hakuna aliyedhulumu, karatasi ilisema hivyo. Wazee walikuja kwangu wakitaka Ibara ya 19. Nikawaambia, shikamooni wazee wangu, hapa Ibara ya 19 haitawasaidia, hili ni jambo la Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya na mashahidi wa michango. Daftari la michango lilipatikana chini ya mkeka wa mihrabu, limeliwa na mchwa pembeni, majina yanasomeka. Sasa wanatafuta wakili, na wakati huohuo wanaandikisha wadhamini. Wangeanza na hilo la pili miaka 15 iliyopita.

Kanisa linapofungiwa, uliza kwanza: nani kafunga, na kwa kosa gani? Kama mtendaji wa mtaa amefunga kwa sababu ya spika, hilo ni jambo la kelele. Kanuni za kelele ziko chini ya Sheria ya Mazingira ya 2004, NEMC, baraza la taifa la mazingira, inazisimamia, na zinahusu spika za baa, za msikiti na za kanisa sawasawa. Kugeuza spika kuwa mateso ya imani ni kujidhuru. Shusha sauti, omba vipimo vifanyike, omba maandishi. Kama aliyefunga hana mamlaka ya kufunga, ile njia ya mapitio ya kimahakama iko wazi.

Kama Msajili amefuta usajili, jambo ni zito. Juni 2025 Msajili alilifutia usajili kanisa la Ufufuo na Uzima la Dar es Salaam, akisema mahubiri yake yalikuwa na sura ya siasa, na matawi yake yakaingia kwenye mkumbo huo. Hapo meza na mazungumzo peke yake havitoshi. Wakili aitwe siku hiyohiyo.

Na watu wakija kuvuruga ibada, au kuvunja vioo, au kuchoma, hilo ni jinai. Kanuni ya Adhabu ina kosa la kuharibu mahali pa ibada na la kuvuruga kusanyiko la dini. Nenda polisi, chukua RB (namba ya taarifa yako kituoni), piga picha kabla hamjafagia. Usikae kuandika barua kwa Tume.

Kwa wahubiri wa mihadhara: sheria hiyohiyo ina kosa la kusema maneno kwa nia ya kuumiza hisia za dini za mtu mwingine. Mhubiri mmoja Mwislamu huko Morogoro alitiwa hatiani kwa kusema hadharani kwamba Yesu si mwana wa Mungu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufani ikafuta hatia hiyo. Kueleza imani yako, hata inayopingana na ya jirani, si kosa peke yake. Nia ya kuumiza ndiyo inayotafutwa. Natamani hukumu hiyo ibandikwe kwenye kila kituo cha polisi cha mkoa huu, na kwenye kila spika ya mhadhara pia, maana inawahusu wote wawili.

Nani akushike mkono

Msaidizi wa kisheria kama mimi hatozi ada na haruhusiwi kukusimamia mahakamani. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imetuwekea mipaka. Tunafaa kwenye barua, kwenye Tume, kwenye kupanga karatasi. Kwa mapitio na shauri la kikatiba unahitaji wakili, na uombe aliyewahi kufanya kesi za aina hiyo. Wakili hodari wa mirathi anaweza kukukosesha zile siku 14 bila kukusudia. Mawakili wa hisani wapo kupitia mashirika ya msaada wa kisheria na Chama cha Mawakili Tanganyika. Wakili wa taasisi ya dini ni mzuri, mradi umwulize mapema: mteja wako ni mimi au ni taasisi?

Mama wa Makorora hakufurahi nilipomwambia aandike barua. Aliona nimemshusha. Tuliiandika pamoja, ukurasa mmoja na robo, binti akiisahihisha tahajia yangu. Ilipelekwa Jumanne. Wiki iliyofuata mwenye shule akajibu kwa maandishi: ushungi mweupe usiopita mabega unaruhusiwa, na mlinzi alikuwa akifuata agizo la mwaka wa nyuma ambalo hakuna aliyekumbuka kulitengua. Mama alikuja kunionesha jibu hilo, bado kakasirika kidogo. "Kumbe kesi yenyewe ilikuwa na mlinzi," akasema.

Baba wa Pongwe nilimsomea tarehe ya barua yake kwa sauti. Septemba 22. Nikahesabu kwa vidole mbele yake: miezi minne imekwisha karibu yote, imebaki miwili na siku chache. Alikaa kimya, halafu akauliza kama kufungua kesi ni kukosa imani. Nikamjibu kuwa hilo akamwulize mchungaji wake, mimi ninachojua ni kalenda tu. Kesho yake alirudi na mchungaji, wote wawili kwenye baiskeli ileile. Rufaa kwa mamlaka ya elimu ilipokelewa Januari 19, muhuri wa bluu, na wakili wa hisani amepatikana. Kwenye kalenda ya ukutani nimezungushia Machi 22 kwa kalamu nyekundu, na chini yake yule baba kaandika kwa mkono wake namba ya simu ya kijana, asije akasahaulika tarehe ikifika.